Rani tatu zilizokatwa: kisa cha kuchagua data za migongano ya chembe

Jioni moja ya Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imeshawaingiza watu ndani mapema, mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho aligonga mlango wa ofisi akiwa ameshika kompyuta yake ikiwa wazi.

"Shikamoo Mwalimu. Imekubali."

"Marahaba. Nini kimekubali?"

"Namba. Imefika 692. Iliyochapishwa ni 694."

Nilimwambia akae. Alikuwa akipima chembe iitwayo bosoni Z huzaliwa kwa kiasi gani protoni zinapogongana, kwa data za kigunduzi cha CMS, na 694 ni jibu la CMS wenyewe. Kwa wiki mbili nzima alikuwa akinionyesha namba isiyopanda juu ya 550, na sasa imeruka ndani ya siku moja. Nikamuuliza amebadilisha nini. "Nimetoa rani tatu mbovu," akajibu, yaani vipindi vitatu vya kurekodi data. Nikamuuliza amejuaje kuwa ni mbovu. "Zilikuwa na Z chache, Mwalimu. Zilikuwa zinashusha jibu."

Ninaandika kisa hiki kwa sababu ya sentensi hiyo ya mwisho. Binti huyu ni mwanafunzi hodari, anaandika programu safi kuliko wengi niliowahi kuwafundisha, na kosa alilofanya nimeliona kwa watu waliomzidi umri na vyeti. Amenipa ruhusa nilieleze, mradi nisimtaje jina.

Kazi yenyewe

CMS ni kigunduzi cha chembe chenye uzito wa tani 14,000, kilichokaa chini ya ardhi kwenye handaki la LHC, mashine ya kugonganisha protoni, lile lenye mzunguko wa kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Tangu 2014 watu wa CMS wamekuwa wakifungua sehemu ya data zao kwa umma bila malipo, na mwaka 2024 walifungua data za nusu ya pili ya mwaka 2016, protoni zikigongana kwa nishati ya TeV 13 (TeV ni kipimo cha nishati ya chembe, moja ikiwa GeV elfu moja). Zimewekwa katika muundo mwepesi uitwao NanoAOD, ambao kompyuta ya kawaida inaufungua kwa Python na maktaba ya uproot. Ndiyo maana kazi kama hii inawezekana hapa kwetu. Mwanafunzi alipakua mafaili saba, kila moja likizidi gigabaiti moja, kwa bando la usiku, mengine yakikatika katikati umeme ulipoondoka na kuanzwa upya.

Swali lake lilikuwa rahisi kulisema: protoni zikigongana, bosoni Z inayooza (kuvunjika) kuwa myuoni mbili, chembe zinazofanana na elektroni lakini nzito zaidi, huzaliwa kwa kiasi gani? Unahesabu migongano yenye myuoni mbili zenye chaji kinyume, kila moja ikiwa na msukumo wa pembeni unaozidi GeV 25, zote zikiwa mbali ya kutosha na bomba la miali ya protoni, na masi yao ya pamoja ikiwa ndani ya GeV 15 kutoka 91.19, ambayo ndiyo masi ya Z. Halafu unagawanya hesabu hiyo kwa luminositi, yaani kiasi cha migongano ambacho mashine ilikupa nafasi ya kukiona. Jibu hutoka kwa pikobani, kipimo cha eneo dogo mno kinachoonyesha tukio linaelekea kutokea kwa kiasi gani. CMS wenyewe walipopima kwa myuoni, ndani ya mipaka hiyohiyo, walipata pikobani 694, wakiweka shaka ya 6 inayotokana na vipimo vyao na 17 inayotokana na luminositi.

Shaka hiyo ya 17 inastahili kutazamwa mara mbili. Kwa watu waliojenga chombo na kukilinda miaka yote hiyo, kitu kigumu zaidi katika kipimo hiki kilikuwa kujua wamegawanya kwa nini. Kuhesabu Z kulikuwa upande mwepesi.

Orodha ya vipande vizuri

Kila kipindi cha kurekodi huitwa rani na hupewa namba. Rani hukatwa vipande vya sekunde 23 hivi, na kipande ndicho kipimo kidogo kabisa kinachoweza kukubaliwa au kukataliwa. Kila tukio ndani ya faili limeandikwa namba ya rani yake na namba ya kipande chake.

Wakati migongano inaendelea, kuna watu wa zamu wanaotazama histogramu za kila sehemu ya chombo usiku na mchana. Baadaye wataalamu wa kila sehemu hurudi kukagua: kifuatilia njia cha silikoni, kalorimita (sehemu inayopima nishati ya chembe), vyumba vya myuoni, sumaku. Umeme wa volti kubwa ukishuka kwenye sehemu fulani, au sumaku ikiwa haijafika tesla 3.8, vipande husika huwekewa alama. Mwisho wa ukaguzi hutoka faili dogo la JSON linaloorodhesha rani na vipande vilivyokubaliwa. Kwa mfano wa kubuni, ukikuta "280000": [[1, 120], [125, 900]], maana yake ni kwamba katika rani hiyo vipande vya 121 hadi 124 vimeachwa. Dakika moja na nusu ya kazi ya mashine kubwa kuliko zote duniani imewekwa kando, na mchambuzi wa mbali haelezwi ni kwa nini.

Jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi mapema ni kwamba mafaili ya data hayajachujwa kwa orodha hiyo. Ukifungua NanoAOD unakuta vyote, vizuri na vibovu, na kuchuja ni juu yako. Mwanafunzi wangu alikuwa na orodha. Aliipakua siku ya kwanza. Aliitumia kuhesabu jumla ya vipande vya kipindi chote, basi. Hakuitumia kuchuja matukio.

Alichofanya kilikuwa na mantiki yake. Luminositi ya kipindi chote ni 16.4 kwa kila femtobani (femtobani ni sehemu ya elfu ya pikobani). Mafaili yake saba yalikuwa na sehemu tu ya vipande. Kwa hiyo alichukua idadi ya vipande vyake, akagawa kwa idadi ya vipande vya orodha, akazidisha kwa 16.4. Kila kipande kikapewa fungu sawa, kama mkate uliokatwa kwa kisu kimoja. Kwa njia hiyo alipata jibu lililokwama pale 550. Ndipo akachora idadi ya Z kwa kila kipande, akaona rani tatu ziko chini ya nyingine, akazikata, na jibu likapanda hadi 692.

Kabla hata hatujafungua orodha nilimuuliza swali moja. Je, amesahihisha ufanisi? Si kila myuoni inayopita kwenye chombo hutambuliwa. Triga, mfumo unaoamua papo hapo tukio lipi lirekodiwe, inakosa baadhi, masharti ya utambuzi yanaacha baadhi, na sharti la upweke, yaani myuoni isiwe imezungukwa na chembe nyingine, linaacha baadhi pia. Zote zikizidishwa pamoja, tena kwa myuoni mbili, unapoteza sehemu isiyo ndogo ya Z halali. Namba 694 ya CMS imeshasahihishwa. Ya kwake haikuwa imesahihishwa, na tulikuwa tumepanga kazi hiyo kwa mwezi uliofuata. Kwa hiyo namba yake ya sasa ilipaswa kuwa chini ya 694 kwa umbali unaoonekana wazi. Kufika 692 ndiko kulikokuwa ushahidi kwamba kuna kitu kimeharibika.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo ningeenda kusahihisha ufanisi nikapita 694, ningerudi kutafuta rani nyingine za kukata, safari hii zenye Z nyingi." Sikuwa na la kuongeza.

Sufuri ya Julai na sufuri ya Machi

Nilitaka aelewe kwa nini Z chache si ushahidi wa ubovu, nikampa mfano wa kipimo cha mvua, kwa sababu kwao Tukuyu kila mtu anajua mvua. Kipimo kikisoma sufuri Mbeya mjini wiki nzima ya Julai, hakuna anayeshtuka, ni kiangazi. Kikisoma sufuri wiki nzima ya Machi, mtu anakwenda kukitazama kama kimeanguka au ndege wamejenga juu yake. Namba ni ileile. Kinachokwambia kama kipimo ni kizima ni kwenda kukitazama chenyewe, pamoja na kujua majira. Na ukiamua kufuta siku zote zenye mvua kidogo ili wastani wa mwaka ulingane na kitabu, wastani utalingana, lakini hautakuwa wastani wa mvua ya Mbeya tena.

LHC nayo ina majira yake. Miali ya protoni ikishajazwa na kuanza kugonganishwa, luminositi huwa juu kabisa mwanzoni, halafu hushuka saa baada ya saa kadiri protoni zinavyopungua na mafungu yake yanavyotanuka. Ikifika saa kumi na kitu baadaye inaweza kuwa nusu tu ya ilivyoanza. Fanya hesabu ya mkono: mwaka 2016 mashine ilifikia luminositi iliyokusudiwa tangu ilipobuniwa, yaani 10 kwa kipeo cha 34 kwa kila sentimita ya mraba kwa sekunde. Kwa kiwango hicho kipande kimoja cha sekunde 23 kinakupa takribani 0.23 kwa kila pikobani. Zidisha kwa 694, unapata Z 160 hivi zinazozaliwa ndani ya mipaka yetu katika kipande kimoja. Saa za mwisho za miali hiyo, luminositi ikiwa nusu, zinakuwa 80. Chombo ni kizima, myuoni zinapimwa sawasawa, wala hakuna kilichoharibika. Ni Julai tu.

Sasa tukafungua orodha na kutazama zile rani tatu, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza haikuwamo kabisa. Aliikata kwa sababu isiyo sahihi, lakini ilistahili kutoka. Ya pili ilikuwamo nusu: vipande vya mwanzo vimeachwa, vilivyobaki vimekubaliwa, naye alikuwa ametupa vyote. Ya tatu ilikuwamo nzima, kipande hadi kipande. Tulipotazama luminositi yake tukakuta ni rani fupi iliyoanza mwishoni, miali ikiwa imeshachoka. Idadi ya Z kwa kipande ilikuwa ndogo kwa kiasi kilekile ambacho luminositi yake ilikuwa ndogo. Ukigawanya moja kwa nyingine, rani ile ilikuwa imelingana na zile alizozipenda.

Kumbuka kwamba alikuwa akikipa kila kipande luminositi sawa. Kwa njia hiyo kukata vipande vya saa za mwisho za miali lazima kupandishe jibu, hata kama chombo hakina kasoro yoyote: anaondoa vipande vyenye Z chache lakini anapunguza luminositi kana kwamba vilikuwa vya wastani. Mkato wake na hesabu yake ya luminositi vilishirikiana kutengeneza namba aliyoitaka, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kilichokuwa na kosa linaloonekana kwenye programu. Ningeisoma ile programu mstari kwa mstari bila kuona tatizo.

Kilichonisumbua zaidi ni rani ya nne, ambayo hakuigusa. Kwenye mchoro wake ilikuwa juu, yenye Z nyingi na kilele kizuri chembamba cha masi pale kwenye GeV 91. Orodha ilikuwa imekataa sehemu kubwa ya vipande vyake. Kwa jicho la Z ilikuwa rani bora kuliko zote. Mtu anayechagua data kwa kutazama jibu lake angeikumbatia.

Orodha ipi?

Hapa palikuwa na mjadala wa kweli kati yetu, na mwanafunzi ndiye aliyeuanzisha. Aligundua kwamba kuna orodha ya pili, ya wachambuzi wa myuoni pekee, ambayo hailazimishi kalorimita iwe nzima. Ile rani ya nne ilikuwamo humo karibu yote. "Mwalimu, mimi napima myuoni tu. Kwa nini nitupe data nzuri za myuoni kwa sababu kalorimita ilikuwa na tatizo?"

Ni swali zuri, na kwa kazi nyingine jibu lingekuwa: usizitupe. Anayetafuta tu kilele cha J/psi (chembe nyingine inayooza kuwa myuoni mbili) ana haki kabisa ya kutumia orodha ya pili. Lakini yeye alikuwa na sharti la upweke. Upweke wa myuoni huhesabiwa kwa kujumlisha nishati ya chembe zinazoizunguka, zikiwemo fotoni na hadroni zisizo na chaji, na hizo huonekana kwenye kalorimita. Kalorimita ikiwa imezimika upande mmoja, myuoni iliyo katikati ya jeti, yaani kundi la chembe zinazoruka pamoja, itaonekana iko peke yake. Ikiwa na kelele, myuoni halali itaonekana imezungukwa. Kilele cha Z kitabaki kizuri machoni, huku ufanisi umebadilika katika vipande hivyo na si katika vingine.

Tukakubaliana kutumia orodha kamili, na tukaandika sababu kwenye daftari lake tarehe ileile, kabla ya kuendesha programu tena. Nilisisitiza hili la kuandika kabla, na nitalisisitiza kwa kila mwanafunzi atakayekuja. Ukishaona namba mpya, huwezi tena kujua kama umechagua orodha kwa sababu ya kalorimita au kwa sababu ya namba.

Niongeze kwamba kukubaliwa kwenye orodha hakumaanishi kuwa data zote zinafanana. Katika sehemu ya kwanza ya 2016 chipu za kifuatilia njia cha CMS zilikuwa zikipoteza alama za chembe luminositi ilipokuwa kubwa, na tatizo liliondolewa Agosti mwaka huohuo kwa kubadilisha mpangilio wa vikuza mawimbi. Data za kabla ya hapo hazikutupwa. Zinachambuliwa kwa marekebisho yake na zile za baadaye kwa yake. Mafaili ya mwanafunzi wangu yalikuwa ya baada ya Agosti, kwa hiyo halikutuhusu moja kwa moja, lakini nilimweleza ili asiende nyumbani akidhani dunia ya data ina rangi mbili tu.

Kugawanya kwa kitu sahihi

Kuchuja kwa orodha ni mistari michache: kwa kila tukio unauliza kama rani na kipande chake vimo. Sehemu hiyo ilimchukua asubuhi moja.

Luminositi ilichukua siku nne. Kanuni ni kwamba unajumlisha luminositi ya vipande vilivyomo kwenye orodha na vilivyomo kwenye mafaili yako pia. Luminositi iliyorekodiwa, si iliyotolewa na mashine, kwa kuwa kuna nyakati mashine inagonganisha na chombo hakiandiki. Thamani za kila kipande zinapatikana kwenye tovuti ileile ya data za wazi.

Jaribio lake la kwanza lilikosea mahali ambapo nami niliwahi kukosea zamani. Aliorodhesha vipande vyake kwa kutazama matukio yaliyobaki baada ya kuchuja. Kipande ambacho hakikubakiza tukio hata moja kikapotea kwenye hesabu ya luminositi, ingawa kilirekodiwa na kukubaliwa. Kipande kisicho na Z ni kipimo halali. Ni siku isiyo na mvua. Ukikiacha, unarudi kulekule kwenye kukata data kwa kutazama jibu, safari hii bila kujua. Mafaili ya NanoAOD yana jedwali la pembeni liitwalo LuminosityBlocks, linaloorodhesha vipande vyote vilivyopitiwa, viwe vimebakiza matukio au la. Ndilo la kutumia. Alipobadilisha, tofauti ilikuwa ndogo sana kwa Z, kwa sababu zipo nyingi katika kila kipande. Mwenzake anayetafuta kitu adimu angeumia vibaya.

Mwisho tukaongeza vichujio vya tukio mojamoja, vile vyenye majina yanayoanza na Flag, vinavyoondoa kelele za kalorimita na chembe zinazosafiri kando ya miali. Orodha inathibitisha sekunde 23, haithibitishi kila tukio lililomo ndani yake. Kwa kipimo chetu havikubadilisha chochote cha kuonekana.

Namba mpya ilitoka karibu na 600. Alinitumia ujumbe saa tano usiku: "Mwalimu, imeshuka tena, na sasa sioni cha kukata." Nilimjibu alale, kesho tuanze ufanisi. Anaupima sasa kwa data zenyewe: anachukua myuoni moja iliyotambuliwa vizuri kama shahidi, anaangalia ni mara ngapi ya pili nayo inapita masharti, anapanga kwa msukumo na kwa pembe. Hatujui namba ya mwisho itakuwa ngapi. Shaka yake itakuwa kubwa kuliko ya CMS, na itaandikwa hivyo.

Mchoro wa zile rani tatu ameuacha kwenye tasnifu, sura ya pili, pamoja na ile 692. Nilimuuliza kama ana hakika, maana wasahihishaji wanaweza kumuuliza. Alisema wakimuuliza atawaeleza.